Dishi la Michembe

Siku tuliyomzika mke wangu, wanawake wa ukoo walipanda juu ya meza wakalishusha dishi. Kwetu nyumba yenye msiba hairuhusiwi kusema kwa sauti nyingine yoyote isipokuwa ya waliofiwa. Redio inafungwa, tivi inafunikwa shuka, na huyo shemeji yangu Scolastika, ambaye akianza jambo haliachi nusu, akaona kuifunika tivi hakutoshi. Akasema hata hilo bakuli la nje lishuke, lisiendelee kuvuta makelele ya watu tusiowajua.

Likashushwa. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, mimi nikabaki na nyumba. Hakuna aliyelikumbuka dishi. Ulipokuja msimu wa viazi, Scolastika akalikuta limeegemea choo, akalipangusa, akalipandisha juu ya bati na kuanika michembe humo. Nikirudi kutoka mwaloni, tunakooshea dhahabu, nilikuwa nalikuta juu huko limejaa vipande vya viazi vinavyokauka, kuku wanalinyemelea. Tivi yenyewe ningeangalia nini? Watu wenye suti wakikata utepe?

Utepe nimeuona kwa macho yangu, hapa hapa kijijini, na habari ya utepe ndiyo hii.

Kijiji chetu kiko huku Nyarugusu, ukishaacha lami unapanda pikipiki. Ni kijiji cha maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe. Ardhi imegeuzwa juu chini, na kila ua una kilima cha marudio, ule mchanga mweupe unaobaki baada ya mawe kusagwa na kukamuliwa dhahabu. Tumekula vumbi hilo hadi watoto wetu wanakohoa kama wazee. Kwa muda mrefu tuliomba zahanati. Tukachanga, tukasomba mawe, wanawake wakabeba maji ya kujengea kichwani. Nyumba ilipofika kwenye renta, wakubwa wakatokea kuimalizia, ili iwe yao.

Siku ya kufungua wakaja na magari, na mwandishi mmoja wa televisheni, binti anaitwa Blessing, na mwenzake wa kamera. Mgeni rasmi, simtaji jina maana hanisaidii kitu, akakata utepe. Ndani ukutani walikuwa wamefunga tivi mpya bapa, na nje dishi jipya linang'aa, eti wagonjwa wapate elimu ya afya wakiwa wanasubiri. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Magesa, akalionyesha lile dishi kwa mkono kama aliyelizaa. Watu wakapiga makofi. Kisha wakasema mwananchi mmoja atoe shukrani, na Magesa alikuwa ameshamwandaa mtu wake. Lakini kipaza sauti kilipopita mbele ya Vumilia, mke wangu, akakishika.

Nilikuwa nyuma pale, nimesimama na wachimbaji wenzangu. Kila neno nililisikia.

"Mheshimiwa, mimi naitwa Vumilia, mke wa Maduhu, mama yake Lusia," alisema. "Dishi tumeliona na tivi tumeiona. Sasa naomba, kabla hujapanda gari, uingie na chumba cha akina mama. Kitanda hakina godoro. Bomba limefungwa lakini maji hayajawahi kutoka. Nesi ni mmoja, akienda likizo tunazalia njiani. Gari la wagonjwa tulilipigia makofi mwaka jana, hatujaliona. Hilo dishi mmelielekeza juu, linaona mbali sana. Sisi tunaomba mtu wa kuona hapa chini."

Magesa alikuwa ameshafika, anavuta kipaza sauti. Vumilia hakukiachia hadi alipomaliza. Mgeni rasmi alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza, wakaondoka. Lakini yule binti Blessing akamfuata Vumilia pembeni, akamshika mikono, akamwambia, "Mama, hii itatoka. Nchi nzima itakusikia."

Tukasubiri itoke. Vumilia alikuwa akinitania: "Bebe Maduhu, ukae na mke wako vizuri, atasikika Dodoma." Haikutoka. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Wakati wa mvua zilizofuata akashikwa na homa na kifua, nikampeleka zahanati. Nesi alikuwepo, binti wa watu, alikuwa analia kwa sababu hana dripu wala hewa ya mtungi. Akapiga simu kuitisha gari la wagonjwa. Gari likasemekana lipo, ila limepeleka viti vya mkutano kata ya pili. Tukakaa kwenye benchi tukilingoja. Tivi ya ukutani ilikuwa inacheza muziki, vijana wanarukaruka. Vumilia alikata roho ameegemea bega langu, na wale vijana hawakuacha kucheza.

Tivi yenyewe baadaye ilichukuliwa kwenda kutengenezwa. Mpaka leo inatengenezwa.

Kwa hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo siku Lusia aliponipigia simu. Lusia ni binti yetu, yuko Ibadakuli, Shinyanga, anauza chakula karibu na uwanja wa ndege.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo mama yangu?"

"Baba, uko peke yako? Kaa chini. Nimemwona mama."

Nikamwambia aache mchezo.

"Kwenye tivi, baba! Ni tangazo tu, limepita haraka. Kuna kipindi Jumamosi alasiri, mafanikio ya vijiji vyetu sijui. Wakaonyesha kidogo kidogo, nikamwona mama. Kavaa kile kitenge cha kijani, kashika kipaza sauti. Baba, si ndiyo siku ile?"

Ndiyo siku ile. Nilikaa chini kweli.

Mtu aliyesoma anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini mimi picha ya Vumilia ninayo moja, ya kitambulisho cha mpiga kura, kanuna. Sauti yake sina popote. Simu zetu ni zile za tochi, hazirekodi kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuisahau. Sisemi maneno, maneno ninayo yote, nasema sauti yenyewe, jinsi alivyokuwa akilivuta neno la mwisho kama Wasukuma wa Kishapu alikotoka. Na tena nilitaka isikike, wale aliokuwa akiwaambia waisikie, hata kama wameshamuua.

Nikamwambia Scolastika atoe michembe yake.

"Kwenye dishi? Na nitaiweka wapi?"

"Iweke kichwani."

"Shemeji, msiba umekugeuza nyoka," akasema. Lakini nilipomweleza sababu, akapanda mwenyewe juu ya bati, akalishusha dishi na kulisugua kwa majivu mpaka likatoa weupe. Lilikuwa limebonyea ukingo mmoja, pale alipokuwa akiliwekea jiwe la kuzuia upepo.

Fundi nilimwita Salmini, anayeishi Nyarugusu senta. Yeye kwao asili ni pwani, Mzaramo, kwa hiyo na sisi ni watani, na Mzaramo akishaona Msukuma kwenye shida hafungui kazi kabla hajafungua mdomo.

"Nyie Wasukuma mmepewa chombo cha kuona dunia, mkaanikia viazi," alisema alipofika. "Ningekuta mmepikia ugali nisingeshangaa."

"Tungepikia ugali usingebaki, maana ungekuwa umeshafika kabla haujaiva."

Akacheka, akaniuliza lile jicho liko wapi. Sikumwelewa. Akanionyesha ule mkono mtupu unaotokeza mbele ya dishi. "Hapa palikuwa na kitu. Elenbi. Ndiyo jicho. Dishi bila elenbi ni sinia."

Ilikuwa ndani, kwenye kikapu cha Vumilia cha nyuzi, Scolastika aliitia humo siku ya kulishusha. Vumilia ndiye aliyekuwa akivijua hivi vitu; mimi shule niliishia darasa la nne, kazi yangu ilikuwa kukaa na kuangalia. Basi nikamwambia Salmini anieleze kila kitu kwa jina lake, polepole, nisije nikabaki siku hiyo ya Jumamosi nakitumbulia macho kioo.

Alichimbia nguzo kwenye ua huku anaeleza. Akasema satelaiti ni mtambo uliorushwa juu sana, huko unakwenda sambamba na dunia inavyozunguka, ndiyo maana sisi tunauona kama umesimama mahali pamoja, hauzami kama jua. Studio wana dishi kubwa, hilo linarusha picha na sauti kwenda juu. Satelaiti inavipokea, inavirudisha chini nchi nzima, kwa mwenye bati na kwa mwenye ghorofa sawasawa.

"Hili la kwako," akaligonga, "halina akili. Kazi yake kukusanya. Mawimbi yakifika hapa ni dhaifu mno, yanaligonga dishi, yanaruka yote kwenda sehemu moja, hapa kwenye elenbi. Elenbi inayakuza, inayashusha masafa yaweze kupita kwenye waya, waya unayaleta ndani kwenye king'amuzi. King'amuzi ndicho kinachoyafumbua yawe picha na sauti. Kifurushi kikiisha usijali, chaneli hiyo ni ya nyumbani, haikatwi."

"Kwa hiyo maneno yanapanda kwa wao, yanashuka kwetu."

"Ndiyo hivyo."

"Na yetu yanapandaje?"

Salmini akaacha kushindilia mchanga. "Ya kwenu hayapandi, mzee. Hili linapokea tu."

Nikamwambia mtambo huo lazima ulitengenezwa na mwenyekiti wa kijiji.

Mwelekeo alinifundisha kwa jua. Alisema satelaiti yetu iko upande wa machweo, juu kiasi cha jua la saa nane mchana, na kwamba upana wa kidole kimoja ukikosea hapa chini, kule juu umekosea safari ya siku nyingi. Dishi lenyewe, kwa jinsi lilivyoumbwa, halitazami moja kwa moja pale linapopokea. Unaliona limeinama, kumbe linachukua cha juu zaidi. Nikawaza wakubwa wetu wao ni kinyume, wanakutazama usoni na wanapokea kwingine.

Akaenda ndani, akawasha tivi, akanionyesha mistari miwili. "Huu wa juu ni nguvu. Huu wa chini ni ubora. Watu wanakosea, wanaona nguvu imejaa wanafurahi, picha hakuna, wanatukana fundi. Nguvu maana yake elenbi inasikia kelele. Ubora maana yake inamsikia yule unayemtaka. Ni kama uko mnadani Jumapili. Makelele yamejaa, lakini mkeo anakuita na humsikii."

Baada ya kusema hivyo akanitazama, akajikuna shingo. "Samahani, mzee Maduhu."

"Endelea na kazi."

Nikawa nje naligeuza dishi, yeye ndani anapiga kelele. Kushoto kidogo. Kidogo nimesema! Rudi. Inua. Nguvu ilikuwepo mapema, ubora ukakataa. Tuligeuza mpaka jasho likaniingia machoni, kisha akapiga yowe, "Hapo hapo! Usipumue!" Ubora ukapanda, picha ikatoka, mtu anasoma habari, safi kabisa. Scolastika akapiga vigelegele.

Hapo ndipo karasha la Magesa lilipowashwa baada ya mapumziko ya chakula.

Karasha ni pipa kubwa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linazungushwa kwa mota kusaga mawe. La Magesa liko ng'ambo ya ua wangu, alilisimika hapo bila kuniuliza, kwa kuwa kibali cha kulisimika alijisainia mwenyewe. Likianza, vikombe vinatembea mezani. Msomaji wa habari akagawanyika vipande, akaganda mdomo wazi, kioo kikawa cheusi. Ubora sifuri. Nguvu ilikuwa bado imejaa.

Salmini akatoka akaishika nguzo, ikawa inatetemeka mkononi mwake, na huku imeshaanza kulala upande. "Umechimbia kwenye marudio," akasema.

"Wewe ndiye uliyechimbia."

"Kwenye ua wako. Udongo uko wapi?"

Tukachimba kutafuta udongo. Tukapita mchanga, tukakuta mchanga. Kila nyumba kijijini kwetu imekaa juu ya marudio ya mtu, na chini ya marudio kuna duara la zamani lililofukiwa. Tukajaribu ukutani, ukuta nao ukawa unatikisika vilevile. Salmini akasema dawa ni zege, lakini zege linataka muda wa kukomaa, na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Au," akasema, "mwenye karasha alizime."

Nilikuwa sijamsemesha Magesa tangu msiba. Alikuja kuzika, akasimama mbele ya jeneza la mke wangu akasema kijiji kimepoteza mama aliyeshirikiana vizuri na uongozi. Nilishikwa na vijana nisimrukie.

Asubuhi ya Jumamosi nikamfuata. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki anasimamia vijana wanaojaza mawe, kofia ya chama kichwani.

"Shikamoo mzee Maduhu! Umenikumbuka leo?"

"Marahaba. Nina shida."

"Shida zote ziletwe ofisini, lakini wewe leta hapa."

Nikameza kile kilichokuwa kinataka kutoka. Nikamwambia kuna kipindi alasiri, mke wangu yumo, na karasha lake linatikisa dishi langu. Naomba alizime kwa muda wa kipindi.

Nilitegemea anikatalie. Ningejua cha kumfanya akinikatalia. Lakini aliruka kutoka kwenye kiti, uso unawaka.

"Kumbe unacho king'amuzi kinachoshika chaneli hiyo! Cha kwangu ni cha mechi za mpira tu. Mzee wangu, nami nimo! Nilikaa kiti cha pili kutoka kwa mheshimiwa, hawawezi kuniruka! Karasha litazimwa. Nitaleta mabenchi."

"Sijaomba mabenchi."

"Wananchi lazima waone."

Mwita, mmoja wa wale vijana wa karasha, Mkurya asiyejua kunong'ona, akasema, "Mwenyekiti, siku marehemu yuko kwenye benchi la zahanati hukuzima hata feni. Leo unazima karasha ukajione?"

"Wewe jaza mawe!"

Akaja kweli na mabenchi. Alasiri ua wangu ulijaa. Tivi tukaitoa tukaiweka mlangoni juu ya meza. Magesa amevaa koti, amekaa mbele. Scolastika alivaa kitenge cha kijani, pacha cha kile cha marehemu. Salmini alikuja bila kuitwa, akasema amekuja kulinda jina lake. Karasha likazimwa, na ule ukimya ukatushtua. Nilisikia kuku. Nilisikia mtoto anakohoa nyumba ya tatu. Salmini akainyoosha nguzo mara ya mwisho, tukaizungushia mawe, akaingia kuangalia ile mistari miwili. Nguvu imejaa. Ubora umejaa.

"Mzee, leo utasikia hadi anavyomeza mate," akaniambia.

Kipindi kikaanza. Ngoma, milima, ng'ombe, barabara. Vijiji vya watu wengine vikapita, wote wanacheka. Kisha Mwita akapiga kelele, "Kwetu hapo!" na nikauona mlango wa zahanati yetu, na utepe, na lile dishi linang'aa. Magesa akatokea, kiti cha pili, na watu wake wakapiga makofi, yeye akajifanya kuwanyamazisha. Mimi nilikuwa nimesimama, mikono imenikaa kifuani.

Akatokea.

Alikuwa Vumilia. Alikuwa hai kabisa, na kitenge chake, jasho kwenye paji la uso, kipaza sauti mkononi. Akafungua mdomo.

Ikaja sauti ya mwanamume. Sauti nzuri, nzito, ya mtu aliyeshiba. "Wananchi wa kijiji hiki hawakuficha furaha yao. Walimshukuru mgeni rasmi kwa kuwasogezea huduma bora za afya, na kuahidi kuitunza miundombinu hiyo."

Mdomo wa Vumilia ulikuwa unakwenda. Niliujua mahali ulipo katika maneno yake. Ulikuwa kwenye kitanda. Ukaenda kwenye bomba. Kidole chake kikanyooka kuelekea chumba cha akina mama, na yule mtu aliyeshiba anaendelea kusema huduma bora, huduma bora, na chini yake wameweka muziki wa kinanda. Kisha wakamwonyesha mgeni rasmi anatikisa kichwa. Kisha barabara nyingine.

Ilikuwa imekwisha.

"Salmini," nikasema, "sauti."

Alikuwa ameshachukua rimoti. Akabonyeza, ile mistari miwili ikatokea juu ya picha, yote imejaa mpaka mwisho. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee wangu, mawimbi ni mazima," akasema taratibu, bila utani. "Kila kilichorushwa kimefika. Ndivyo ilivyorushwa."

Magesa aligeuka, anacheka, amenyoosha mkono anipe. "Mmemwona marehemu! Amependeza kweli kweli. Na ametusemea vizuri."

"Mbona amekunja uso vile mtu akasema anashukuru?" Mwita akauliza. "Mimi mama yangu akinyoosha kidole hivyo, nakimbia."

"Televisheni wanafupisha, ndugu. Muda hautoshi kila mtu aseme yake."

Scolastika alikuwa ameanza kulia, kile kilio chetu cha msibani, cha mkono kichwani. Mimi nikaenda nikasimama mbele ya tivi, nikawageukia.

"Hakushukuru," nikasema. "Wote mlikuwepo. Semeni alichosema."

Watu niliozoeana nao, tuliosomba nao mawe ya zahanati ile, walikuwa wanatazama miguu yao, na mwenyekiti amekaa mbele yao na koti lake.

"Basi nitasema mimi. Alisema kitanda hakina godoro. Alisema bomba…"

Magesa alikuwa ameshasimama, ananyanyua mkono kuelekea ng'ambo ya ua. "Jamani, kipindi kimekwisha, kazi zimelala. Washa!"

Mwita hakusogea. Mwingine akakimbia. Karasha likakohoa, likashika, likaanza kusaga, na maneno yangu yakawa siyasikii mwenyewe. Nyuma yangu picha ikakatika vipande. Nguzo ikaanza kulala polepole kwenye mchanga wake, na safari hii hakuna aliyeikimbilia. Watu wakabeba mabenchi. Wakabeba vizuri, wawili wawili, ya kijiji yale.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Lusia. Nikaiweka sikioni, nikaondoka uani, nikapita choo, nikapita kilima cha marudio, nikashuka hadi kwenye maduara yaliyoachwa, ambako karasha linasikika kwa mbali tu.

"Baba? Baba, unanisikia? Huku kwetu sauti ya mama haikutoka kabisa. Nimemwona tu. Kaka wa jirani anasema labda ni dishi letu limeyumba. Huko kwenu ilitoka?"

Nilitaka kumwambia ilitoka. Lilinifika mdomoni. Angelala vizuri, angewaambia wateja wake mama yake alisikika Nyarugusu nzima.

"Haikutoka," nikamwambia. "Dishi lenu zima. Na letu zima. Walimfunga mdomo huko huko wanakorushia."

Nilikuwa nasikia sufuria zake, na mtu anaagiza wali.

"Kwani alisema nini, baba? Mimi sikuwepo. Huwa mnaniambia tu alisema ukweli."

Nikakaa juu ya jiwe. Nikajaribu kulivuta neno la mwisho kama watu wa Kishapu, sikuweza vizuri, nikaendelea hivyo hivyo.

"Alisema hivi. 'Mheshimiwa, mimi naitwa Vumilia, mke wa Maduhu, mama yake Lusia…'"

"Subiri, baba," Lusia akasema. "Niweke spika. Huku watu wamejaa."